UZI: Obama kutoka Seneti ya Illinois hadi Washington. Tuache hotuba, tuangalie fomu, ramani na kalenda

#1 Karani_wa_Fomu

Wakuu, kila safari ya Obama ikitajwa, watu huanzia Boston, Julai 27, 2004, kwenye ile hotuba ya mkutano mkuu wa Democratic. Mimi naona hotuba ilikuja mwishoni. Usiku ule jamaa alikuwa na miaka saba na nusu katika Seneti ya Illinois na alishapita kura za maoni za chama kwa zaidi ya nusu ya kura zote. Kazi ya kumtoa ngazi ya jimbo ilikuwa imekwisha.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Hapa nikisema "jimbo" nina maana ya Illinois yenyewe, siyo jimbo la uchaguzi kama tunavyosema Tanzania. Seneti ya Illinois ina wajumbe 59 na Baraza la Wawakilishi lake lina 118, na vyote viwili hukaa Springfield, makao makuu ya jimbo, kama kilomita 320 kutoka Chicago. Wakenya msichanganye na maseneta wenu wa kaunti, wale hukaa Nairobi. Huyu wa Illinois kwa ngazi yuko karibu na MCA (mjumbe wa bunge la kaunti), ila mamlaka yake ni makubwa mno kumzidi MCA: bunge la jimbo ndilo linalotunga sheria ya mauaji, adhabu ya kifo, shule, kodi ya mapato ya jimbo na mipaka ya majimbo ya uchaguzi.

Kiti chenyewe ni wilaya ya 13 ya Seneti, upande wa kusini wa Chicago: Hyde Park, Kenwood, South Shore, na kipande kinachokwenda magharibi kwa watu wa kipato cha chini. Kilikuwa cha Alice Palmer. Mwaka 1995 Mel Reynolds, mbunge wa Congress (Bunge la taifa), alitiwa hatiani akajiuzulu, ukaitishwa uchaguzi mdogo. Palmer akaenda kugombea huko na akambariki Obama kwenye kiti chake. Novemba 28, 1995, Jesse Jackson Jr. akashinda, Emil Jones wa pili, Palmer wa tatu. Palmer akarudi kukitaka kiti chake. Obama akagoma kumpisha.

Kuanzia hapo suala likawa la makaratasi. Nitaendelea, ila karibuni.

#2 Mzee_wa_Pingamizi

Karani umeanza vizuri, hiyo sehemu ya makaratasi niachie mimi.

Ili jina liingie kwenye karatasi ya kura za maoni, mgombea wa kiti kile alihitaji sahihi halali 757 za wapiga kura wa wilaya yake. Fomu zilipokelewa kwa wiki moja, Desemba 11 hadi 18. Obama alipeleka siku ya kwanza, akiwa na sahihi zaidi ya 3,000. Kuwahi siyo mbwembwe: wanaokuwa kwenye foleni mlango unapofunguliwa siku ya kwanza ndio wanaoingia kwenye bahati nasibu ya kupata nafasi ya juu kwenye karatasi ya kura. Palmer alifikisha fomu siku ya mwisho, na sahihi 1,580 zilizokusanywa kwa siku chache.

Mtu ataona 1,580 ni zaidi ya mara mbili ya 757, basi kapita. Sahihi huliwa namna hii:

Aliyesaini hayumo kwenye daftari kwa anwani aliyoandika. Amehama, au daftari limesafishwa na jina limetolewa (Chicago walikuwa wametoka kulisafisha muda mfupi kabla). Hili ndilo linaloua nyingi.

Aliyesaini yumo kwenye daftari, lakini nyumba yake iko ng'ambo ya mpaka wa wilaya. Mipaka ile hukata katikati ya mitaa, na mkusanyaji aliyesimama mlango wa duka hawezi kujua.

Jina limeandikwa kwa herufi za kuchapa wakati kadi ya usajili ina sahihi ya kuunganisha. Karani hulinganisha mwandiko na kadi. Visipofanana, mstari unakatwa.

Mkusanyaji mwenyewe hana sifa, au kiapo chake chini ya ukurasa kina dosari. Hapa haukatwi mstari mmoja, unakwenda ukurasa mzima.

Pingamizi huwekwa ndani ya siku tano za kazi baada ya mwisho wa kupokea fomu. Mpinzani anaandika ukurasa, mstari na sababu, kisha makarani wa bodi wanapita mstari kwa mstari, pande zote mbili zikiwa na watu wa kuangalia. Watu wa Obama waliwawekea pingamizi wapinzani wote wanne. Chukua mfano wa Gha-is Askia: alileta 1,899, pingamizi 1,211 zikakubaliwa, zikabaki 688. Kapungukiwa 69. Marc Ewell alipungukiwa 86. Palmer karibu theluthi mbili za sahihi zake zilianguka, naye akajitoa Januari 1996. Machi Obama alikuwa peke yake kwenye kura za maoni za Democratic, na katika wilaya ile aliyepita hapo amepita. Novemba alipata karibu asilimia 82.

Kanuni ya mafundi wa Chicago ni kukusanya mara mbili hadi tatu ya idadi inayotakiwa, halafu uzihakiki sahihi zako mwenyewe kwa daftari kabla adui hajazihakiki.

#3 Sauti_ya_Nyikani

Kwa hiyo mkuu, yule aliyekuja kuhubiri kila mtu ashiriki siasa aliingia kwa kuwaengua wenzake wote? Hapa kwetu tungesema kabebwa.

#4 Mzee_wa_Pingamizi

@Sauti_ya_Nyikani, kubebwa ni pale msimamizi anapokata jina bila sababu inayoweza kukaguliwa, au anapofunga ofisi muda wa kurudisha fomu. Pale kila mstari uliokatwa ulikuwa na sababu iliyoandikwa, na aliyekatwa angeweza kuleta kiapo cha mpiga kura kwamba sahihi ni yake. Lakini sikupingi sana. Sheria ikiwa kali kiasi kile, mwenye wanasheria ndiye anayebaki, na mpiga kura wa wilaya ya 13 alikuta jina moja tu la Democratic kwenye karatasi. Hilo lilisemwa Chicago kwa miaka, na lina haki ya kusemwa.

Ukitaka sura nyingine ya jambo hilohilo, Jimmy Carter naye aliingia Seneti ya Georgia kwa kesi: mwaka 1962 alishindwa kura za maoni kwa kura zilizojazwa ndani ya sanduku huko Quitman, akapinga, akapewa kiti.

#5 Kitufe_cha_Njano

Tufike Springfield sasa, maana wengi huruka miaka ile sita ya kwanza kana kwamba jamaa alikuwa amelala.

Aliapishwa Januari 1997 akiwa upande wa wachache. Republican walikuwa na wingi na Rais wa Seneti alikuwa James "Pate" Philip. Muswada ukiingia hupelekwa kwanza kwenye Kamati ya Kanuni, na kamati hiyo ni ya walio wengi. Wasipoupangia kamati nyingine unafia hapo bila mtu kuupigia kura. Kwa mjumbe wa upinzani njia ni moja: tafuta mtu wa upande wa pili aubebe nawe. Ndivyo ilivyopita sheria ya maadili na zawadi ya mwaka 1998, yeye akiwa na Kirk Dillard wa Republican.

Halafu hii habari ya kura za "nipo" ambayo mwaka 2007 na 2008, akigombea urais, ilimtesa. Mezani kwa mjumbe kuna vitufe vitatu: kijani ndiyo, chekundu hapana, cha njano "nipo". Obama alibonyeza njano karibu mara 130 kati ya kura elfu kadhaa. Asiyejua akadhani alikwepa. Katiba ya Illinois inataka muswada upate wingi wa wajumbe wote waliochaguliwa, siyo wa waliohudhuria. Yaani 30 kati ya 59, hata kama wako 40 tu ukumbini. Kwa hesabu hiyo njano na nyekundu zina uzito uleule: zote mbili hazihesabiki kwenye zile 30. Tofauti iko kwenye kipeperushi cha adui uchaguzi ujao. Mara nyingi wajumbe wa Democratic walikubaliana kubonyeza njano kwa kundi, hasa kwenye miswada ya utoaji mimba iliyoletwa ili kuwabana wenye viti vya mashaka. Mara nyingine alikuwa na hoja ya kikatiba juu ya kifungu kimoja. Na mara nyingine, tuseme ukweli, ilikuwa kujilinda.

Jambo jingine: vikao vikubwa ni Januari hadi mwisho wa Mei. Baada ya Mei 31 muswada unaotaka kuanza kutumika mara moja unahitaji tatu ya tano ya wajumbe wote, yaani 36 kwenye Seneti. Ndiyo maana wiki ya mwisho ya Mei watu hawalali Springfield. Miezi inayobaki ni ya kazi nyingine. Obama alikuwa akifundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago muda wote ule.

#6 Nyota_ya_Ziwani

Nawasalimu kutoka upande wa Kisumu. Mmesahau kipigo cha 2000, na bila hicho hadithi haieleweki.

Bobby Rush, mbunge wa Congress wilaya ya 1, mwasisi mwenza wa Black Panther (chama cha wanaharakati Weusi) wa Illinois, aligombea umeya wa Chicago dhidi ya meya Daley mwaka 1999 akaangushwa vibaya. Obama akadhani mzee ameisha nguvu. Makosa. Kushindwa umeya mji mzima hakumaanishi umeshindwa nyumbani kwako. Kisha Oktoba 1999 mwana wa Rush akapigwa risasi akafa, wilaya nzima ikaomboleza naye. Desemba Gavana George Ryan akaita kikao cha dharura cha sheria ya bunduki. Obama alikuwa Hawaii na familia, mtoto anaumwa, hakurudi, na muswada ukakosa kura chache. Magazeti yakamla nyama. Machi 2000 matokeo: Rush asilimia 61, Obama 30. Seneta mwingine wa jimbo, Donne Trotter, aliambulia 7.

Sasa swali langu kwenu mafundi: mbona hakupoteza kiti chake Springfield?

#7 Karani_wa_Fomu

@Nyota_ya_Ziwani asante, hilo ni swali la kalenda, na kalenda ndiyo iliyomwokoa.

Muhula wa seneta wa Illinois haulingani. Kila muongo kuna muhula mmoja wa miaka miwili na miwili ya miaka minne, na wilaya zimegawanywa makundi matatu kwa mpangilio tofauti: 2-4-4, 4-2-4, 4-4-2. Obama alichaguliwa 1996 kwa miaka miwili, akarudi 1998 kwa minne. Kwa hiyo mwaka 2000 kiti chake hakikuwa kwenye karatasi ya kura. Akagombea Congress, akapigwa, akarudi kukaa palepale.

Mwaka 2002 akapita bila mpinzani, tena kwa muhula wa miaka minne. Maana yake 2004 alipogombea Seneti ya Marekani, vilevile alikuwa na pa kurudi. Mjumbe ambaye kalenda yake inagongana na nafasi ya juu lazima achague moja, na wengi huogopa. Ukimwona mwanasiasa wa jimbo la Marekani "ana ujasiri" wa kurukia ngazi ya taifa, tazama kwanza muhula wake unaisha lini.

#8 Rula_na_Penseli

Na ramani, jamani. Hapa ndipo penye utamu wenyewe.

Baada ya sensa mipaka huchorwa upya. Illinois vyama vikishindwa kukubaliana huundwa tume ya watu 8, wanne kwa wanne. Wakifungana 4 kwa 4, linachotwa jina la mtu wa tisa kwa bahati nasibu, naye ndiye anayevunja sare. Mwaka 1991 bahati iliwaangukia Republican, na hiyo ndiyo sababu walishika Seneti miaka kumi. Septemba 2001 Katibu wa Jimbo Jesse White alichota kutoka kwenye kofia ndefu ya mfano wa ile ya Lincoln, likatoka jina la Michael Bilandic, meya wa zamani wa Chicago, Democratic. Miaka kumi ya mamlaka kwa kikaratasi kimoja ndani ya kofia!

Democratic wakachora. Wilaya ya 13, ambayo zamani ilitanuka kuelekea magharibi kwa maskini, ikavutwa kaskazini kufuata ufukwe wa ziwa hadi katikati ya jiji na Gold Coast, mtaa wa matajiri. Weusi walibaki wengi, lakini ndani yake sasa kulikuwa na watu wenye hela nyingi kupita kawaida, wanasheria na Wayahudi wa tabaka la juu, watu wanaoandika hundi za kampeni za taifa. Obama alikaa mwenyewe na mchoraji wa chama mbele ya kompyuta. Mwaka mmoja baada ya kipigo cha Rush, wafadhili wa kampeni yake ya baadaye ya Seneti ya Marekani wakawa wapiga kura wa wilaya yake.

Kwa wilaya ya zamani asingeweza kukusanya fedha za jimbo zima. Wanaosema ni kipaji tu waniambie kipaji kingetoa wapi hundi.

#9 Kitufe_cha_Njano

Nakubali, na niongeze tunda la pili la ramani ile: Novemba 2002 Democratic walichukua Seneti, na Januari 2003 Emil Jones, yuleyule aliyekuwa wa pili mwaka 1995, akawa Rais wa Seneti. Obama alimwendea na kumwambia wazi kwamba yeye Jones sasa ana uwezo wa kumtengeneza seneta wa Marekani. Jones akakubali.

"Kumtengeneza" kivitendo maana yake hivi: unampa uenyekiti wa Kamati ya Afya na Huduma za Jamii, na unampa miswada mizito aibebe yeye hata kama wengine waliisukuma kwa miaka. Wenzake wengine walinuna na wakasema hadharani. Mwaka mmoja ule ukajaa kuliko miaka sita iliyotangulia: takwimu za rangi ya madereva wanaosimamishwa na polisi, upanuzi wa bima ya afya ya watoto, na kubwa kuliko zote, sheria ya kurekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji.

Hii ya mwisho isomeni, ni somo la kutunga sheria. Illinois ilikuwa na aibu ya watu waliohukumiwa kifo kisha wakaonekana hawana hatia. Gavana Ryan alisimamisha unyongaji mwaka 2000, na Januari 2003 akawafutia adhabu hiyo wafungwa 167. Hata hivyo polisi na waendesha mashtaka walikataa kamera. Obama alikaa nao kifungu kwa kifungu: sauti au picha, kimojawapo kinatosha, ni kwa kesi za mauaji tu, mashine ikiharibika kuna nafuu, na polisi wapewe miaka miwili ya kujiandaa. Alichokataa kuuza ni uti wa mgongo: maelezo yasiyorekodiwa mahakama iyachukulie kwanza kuwa hayapokeleki, na upande wa mashtaka ndio ujitetee. Polisi wakaacha kupinga, Seneti ikapitisha bila kura hata moja ya kupinga. Likawa jimbo la kwanza kuweka takwa hilo kwa kutunga sheria.

#10 Sauti_ya_Nyikani

Sawa sawa, lakini 2004 mbona mnaikwepa? Wapinzani wawili walianguka kwa mafaili ya talaka! Hiyo ni bahati, wala msitufunge kamba na vifungu.

#11 Nyota_ya_Ziwani

Bahati ipo, hakuna anayeikana. Lakini angalia mfuatano wake. Kiti cha Seneti ya Marekani kilikuwa cha Peter Fitzgerald wa Republican, naye Aprili 2003 akatangaza hagombei tena. Carol Moseley Braun, ambaye angekula kura za Weusi, alikwishaelekea kwenye urais. Njia ikawa wazi kabla ya talaka yoyote.

Kura za maoni Machi 16, 2004 zilikuwa na wagombea saba. Dan Hynes, mdhibiti wa fedha wa jimbo, alikuwa na mtandao wa wazee wa chama. Blair Hull alimwaga zaidi ya dola milioni 28 zake mwenyewe. Na hapa kuna kitu wengi hawakijui: sheria ya fedha za kampeni ya 2002 ilisema mgombea akimwaga za kwake kupita kiwango fulani, wapinzani wake wanaongezewa ukomo wa mchango. Badala ya dola 2,000 kwa mtu, Obama aliruhusiwa kupokea hadi 12,000. Zile hundi za Gold Coast zikawa mara sita. Hela za Hull zilimnenepesha mwenzake! Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuja kuifuta kanuni hiyo mwaka 2008.

Matangazo ya televisheni aliyabana hadi wiki za mwisho, na wiki hizohizo ndipo Hull aliporomoka. Matokeo: Obama karibu 53, Hynes 24, Hull chini ya 11. Vyama vya wafanyakazi navyo viligawanyika. SEIU (wafanyakazi wa huduma), AFSCME (watumishi wa umma) na walimu wa IFT walikwenda kwa Obama, kazi ya miaka ya Springfield hiyo. Na maseneta wenzake wa nje ya Chicago, wale aliokuwa akicheza nao karata jioni kwa senti chache, walimfungulia milango ambayo Mweusi wa Hyde Park asingeifungua peke yake.

Jack Ryan, mgombea wa Republican (siyo yule gavana), ndiye aliyejitoa Juni baada ya jaji kufungua mafaili yake. Wakamleta Alan Keyes kutoka Maryland.

#12 Rula_na_Penseli

Kwa wanaojiuliza Keyes aligombeaje wakati haishi Illinois: Katiba ya Marekani inataka seneta awe mkaazi wa jimbo siku anapochaguliwa tu, awe na miaka 30 na uraia wa miaka 9. Bunge la jimbo ndilo gumu zaidi hapo: Illinois inataka uwe umeishi miaka miwili kwenye wilaya. Keyes asingeruhusiwa kugombea kiti cha Obama cha zamani, lakini kile kikubwa ruksa. Alipata 27, Obama 70.

#13 Mgeni_Jukwaani

Wakuu samahani kwa swali dogo. Alipoondoka, kile kiti cha wilaya ya 13 kilijazwaje? Uchaguzi mdogo?

#14 Karani_wa_Fomu

@Mgeni_Jukwaani swali siyo dogo. Hapakuwa na uchaguzi mdogo. Illinois mjumbe wa bunge la jimbo akiondoka, kiti hujazwa kwa uteuzi ndani ya siku 30, lazima awe wa chama kilekile, na wanaoteua ni viongozi wa chama wa kata zilizomo kwenye wilaya. Walimchagua Kwame Raoul, Novemba 2004. Alikaa hadi alipoapishwa kuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo mwaka 2019.

Kiti cha Seneti ya Marekani ni kingine: hicho mteuzi alikuwa gavana peke yake. Obama alijiuzulu Novemba 16, 2008 baada ya kushinda urais, na Desemba 9 Gavana Blagojevich akakamatwa kwa tuhuma za kutaka kukiuza. Akiwa nje kwa dhamana, akamteua Roland Burris Desemba 30, na mwezi uliofuata Seneti ileile ya Springfield, wajumbe 59 kwa 59, ikamwondoa gavana.

Raoul alikuwa mmoja wa hao 59.